Dola Mia kwa Siku: Adhabu za Kukiuka Upekuzi wa Wafanyakazi katika Makao ya Watoto ya California

Chukulia kwamba mkaguzi wa leseni amefika asubuhi, bila taarifa, katika makao ya watoto yaliyomo katika jimbo la California nchini Marekani. Kabla ya kuangalia vitanda, jiko au kabati la dawa, anaomba ratiba ya zamu ya juma hilo na orodha ya watu wazima wote wanaofanya kazi au kulala katika nyumba hiyo. Anayalinganisha majina, moja baada ya jingine, na kumbukumbu za Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo. Jina moja halimo. Ni la mlezi wa zamu ya usiku aliyeanza kazi Jumatatu. Alama zake za vidole zimekwisha kuchukuliwa, lakini majibu hayajarudi. Hakuna mtoto aliyelalamika, na wenzake wanamsifu kwa upole na bidii. Hata hivyo mkaguzi anaandika hati ya dosari, na mwenye leseni anatozwa faini palepale, bila kupewa muda wa kujirekebisha kwanza.

Msomaji anaweza kuuliza ni haki gani hiyo ya kumwadhibu mtu ilhali hakuna aliyedhurika. Swali hilo ni la msingi, na jibu lake ndilo linaloieleza sheria nzima. Katika makosa mengi ya uendeshaji wa makao, kama vile bomba linalovuja au kumbukumbu za lishe zisizokamilika, mkaguzi huandika dosari na kuweka tarehe ambayo marekebisho yawe yamekwisha. Upekuzi wa wafanyakazi umetengwa na kundi hilo. Mtu asiyejulikana historia yake akishakaa usiku mmoja na watoto, usiku huo haurudishwi nyuma ili ukafanyiwe marekebisho. Kinachoadhibiwa hapa ni mwenye leseni kuwaacha watoto mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe bado hamjui.

Kwa nini watoto hawa hasa

Makao yanayozungumzwa hapa si shule za bweni. Watoto wengi wanaoishi humo wameondolewa nyumbani kwao kwa amri ya mahakama kwa sababu ya kupigwa, kutelekezwa au kudhulumiwa kingono. Wengine wana matatizo ya afya ya akili yanayohitaji matibabu ya karibu. Kwa miongo mingi nyumba hizo ziliitwa makao ya vikundi. Mwaka 2015 bunge la California lilipitisha sheria ya mageuzi ya malezi ya watoto walio chini ya ulinzi wa serikali, na kuanzia Januari 2017 makao hayo yakaanza kubadilishwa kuwa vituo vya muda mfupi vyenye tiba, ambamo mtoto hukaa kwa muda tu wakati familia ya kumlea ikitafutwa. Jina na lengo vilibadilika. Wajibu wa upekuzi, ambao unatoka katika kifungu cha 1522 cha Kanuni ya Afya na Usalama ya jimbo, ulibaki palepale.

Kwa wataalamu wa afya, uzito wa jambo hili una ushahidi wake, na sehemu ya ushahidi huo ilizaliwa katika jimbo hilohilo. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliofanyika San Diego katika taasisi ya Kaiser Permanente. Waliwauliza watu wazima zaidi ya elfu tisa kuhusu mambo mabaya yaliyowapata utotoni, kisha wakalinganisha majibu na hali yao ya afya. Waliopitia aina nne au zaidi za mambo hayo walikuwa na hatari kubwa zaidi, kati ya mara 4 na 12, ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja. Uhusiano ulionekana pia kwa maradhi ya moyo, saratani na maradhi sugu ya mapafu. Mtoto anayeingia katika makao mara nyingi huwa amekwisha kupitia aina mbili au tatu za mambo hayo. Akidhulumiwa tena na mtu aliyelipwa amlinde, anaongezewa jingine juu ya mzigo uliokwisha kumwelemea.

Hali ya watoto wenye ulemavu ni ngumu zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet yalikadiria kwamba uwezekano wa watoto hao kufanyiwa ukatili ni mara 3.7 ya ule wa watoto wasio na ulemavu. Mtoto anayeogeshwa, kuvishwa na kubebwa na mtu mwingine hana namna ya kuuepuka mkono wa mtu huyo, na asiyeweza kusema hana wa kumweleza.

Nani anapekuliwa, na kwa njia gani

Sheria inaanza na mwombaji wa leseni mwenyewe. Inaendelea kwa msimamizi wa makao, kwa kila mtu mzima anayeishi humo ambaye si mteja, kwa yeyote anayewasaidia wateja kuoga, kuvaa au kujisafi, na kwa mfanyakazi au mtu wa kujitolea anayekutana na watoto. Neno la kushika hapa ni “anayeishi”. Mume wa msimamizi anayelala katika chumba cha nyuma naye anapaswa kupekuliwa, hata kama hajawahi kushika zamu. Vivyo hivyo mtoto wake aliyetimiza miaka 18.

Wapo walioachwa nje ya wajibu huo. Fundi aliyeitwa kwa kazi maalumu ya muda mfupi hapekuliwi, mradi asiachwe peke yake na watoto. Daktari au muuguzi mwenye leseni ya jimbo ambaye hakuajiriwa na makao amekwisha kupekuliwa na chombo kilichompa leseni ya taaluma. Ndugu, marafiki na viongozi wa dini wanaokuja kumtembelea mtoto wao nao wameachwa, kwa sababu mtoto aliyefungiwa mbali na jamaa zake hupata dhara la namna nyingine.

Upekuzi wenyewe hufanyika kwa alama za vidole zinazochukuliwa kwa mashine ya kidijitali na kutumwa Idara ya Sheria ya jimbo, kisha kwa idara ya upelelezi ya serikali ya shirikisho, FBI. Jina linaweza kubadilishwa na kitambulisho kikaghushiwa, na ndiyo sababu vidole vinaaminiwa kuliko karatasi. Pamoja na hayo hutazamwa Rejesta Kuu ya Udhalimu wa Watoto ya California, inayohifadhi taarifa zilizothibitishwa na maofisa wa ustawi wa watoto hata pale ambapo hakuna kesi ya jinai iliyofunguliwa. Sheria ya shirikisho ya Family First ya mwaka 2018 iliwabana wote: ili jimbo liendelee kupata fedha za serikali kuu kwa ajili ya malezi ya watoto hawa, lazima liwe na utaratibu wa kuchukua alama za vidole na kutazama rejesta za udhalimu kwa kila mtu mzima anayefanya kazi katika makao, hata yule asiyemhudumia mtoto moja kwa moja. Mpishi na mhasibu nao wamo.

Baada ya majibu kurudi safi, mtu hupewa kibali. Idara ya Sheria haimsahau tangu hapo. Akikamatwa na polisi wa jimbo miaka miwili baadaye, taarifa hupelekwa kwa idara ya leseni bila kusubiri upekuzi mpya. Hapo ndipo lilipo kosa linalowashangaza wengi. Mlezi mwenye kibali halali anahama kutoka makao moja kwenda mengine, na mwajiri mpya anaridhika kwamba “huyu amekwisha kupekuliwa”. Lakini kibali hakijahamishwa rasmi. Katika kumbukumbu za idara mlezi huyo hayuko katika makao mapya, na taarifa ya kukamatwa kwake ingepelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Kwa sababu hiyo kushindwa kuomba uhamisho wa kibali kabla ya mtu kuanza kazi kunahesabiwa kuwa kosa lilelile la kutokuwa na kibali, na faini yake ni ileile.

Hesabu ya faini

Kiwango ni dola 100 kwa kila kosa kwa kila siku, na kila mtu asiye na kibali ni kosa moja. Kwa mara ya kwanza siku zinazohesabiwa hazizidi tano. Mlezi mmoja aliyefanya kazi siku tano au zaidi bila kibali anayagharimu makao dola 500. Walezi watatu, dola 1,500. Ikiwa kosa limerudiwa ndani ya miezi 12, ukomo unapanda hadi siku 30. Walezi walewale watatu sasa wanaweza kuleta faini ya dola 9,000.

Faini hulipwa na mwenye leseni. Mlezi aliyeambiwa na mkubwa wake “anza tu, karatasi zitafuata” hatozwi chochote, na hilo ni sawa, kwa kuwa si yeye anayepanga zamu.

Je, kiasi hicho kinatosha kumtia mtu hofu? Mwaka 2017, vituo vya tiba vilipoanza, malipo ya serikali kwa mtoto mmoja yalikuwa takriban dola 12,000 kwa mwezi. Nyumba ya watoto sita ilikuwa inaingiza zaidi ya dola 70,000 kwa mwezi. Mbele ya fedha hizo, dola 500 ni kama ada ya kuegesha gari. Meneja ambaye mlezi wake wa usiku ameacha kazi ghafla, na ambaye sheria nyingine inamkataza kuwaacha watoto na idadi pungufu ya walezi, anaweza kupiga hesabu akaona ni nafuu kumweka mgeni kwa siku tano na kulipa kuliko kulipa wakala wa wafanyakazi. Waliotunga sheria waliliona hilo kwa sehemu, ndiyo maana wakaweka ule mruko wa siku tano hadi thelathini. Lakini mara ya kwanza bado ni rahisi mno.

Meno hasa ya sheria yako kwingine. Kosa la upekuzi ni sababu ya kumchukulia mwenye leseni hatua za nidhamu, na hatua hizo zinaweza kufika hadi kusimamishwa au kufutiwa leseni. Pale ambapo usalama wa watoto uko hatarini, idara inaweza kusimamisha leseni kwa muda hata kabla ya shauri kusikilizwa. Inaweza pia kutoa amri ya kumwondoa mtu, yaani kumkataza asifanye kazi wala kuishi katika makao yoyote yenye leseni. Mwenye leseni akiendelea kumficha mtu huyo nyumbani, jambo limevuka mpaka wa faini. Tena ripoti za ukaguzi si siri. Maofisa wa kaunti wanaochagua mahali pa kumpeleka mtoto huzisoma, na nyumba yenye hati mbili za dosari ya upekuzi katika mwaka mmoja itaona vitanda vyake vikikaa vitupu. Kitanda kitupu kwa mwezi mmoja kinauma kuliko faini zote zilizotajwa hapo juu.

Mtu mwenye doa

Ingekuwa rahisi kusema kwamba yeyote aliyewahi kutiwa hatiani asikaribie makao. Sheria haikusema hivyo, na ina sababu. Kijana aliyeiba dukani akiwa na miaka 19, ambaye sasa ana miaka 45 na amewalea wanawe watatu, anaweza kuwa mlezi bora kuliko mtu mwenye rekodi tupu. Wapo pia waliokulia katika makao hayohayo, wakapita gerezani, na sasa wanajua kuzungumza na mtoto mwenye hasira kwa namna ambayo shule haifundishi. Kwao kuna ruhusa maalumu. Mwombaji anapaswa kuishawishi idara kwa ushahidi madhubuti kwamba ana tabia njema. Idara hupima uzito wa kosa, muda uliopita, mazingira yake, na aliyoyafanya mtu tangu wakati huo. Mpaka ruhusa itoke, haruhusiwi kuwamo ndani ya makao. Kwa makosa mazito zaidi, kama vile ubakaji na yale yanayomlazimu mtu kuandikishwa kuwa mkosaji wa kingono, mlango huo umefungwa.

Rejesta ya udhalimu nayo ina historia yake ya aibu. Wanandoa mmoja wa Los Angeles walishtakiwa kwa madai ya mtoto wao; mahakama ikatamka kwamba hawakuwa na hatia kabisa, lakini majina yao yakabaki rejestani kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kuyaondoa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba kumwacha mtu katika orodha kama hiyo bila nafasi ya kujitetea ni kumnyima haki yake ya kikatiba. Tangu Januari 2012 rejesta inapokea taarifa zilizothibitishwa tu, na aliyeandikwa ana haki ya kusikilizwa. Marekebisho hayo hayakudhoofisha ulinzi wa watoto. Orodha iliyojaa majina ya wasio na hatia humfanya mkaguzi aizoee, na akishaizoea huacha kuiamini.

Pale vidole visipoona

Upekuzi wa rekodi unamwona aliyewahi kukamatwa au kuripotiwa, basi. Watoto waliodhulumiwa mara nyingi hukaa miaka mingi kabla ya kusema, na wengi hawasemi kamwe, hivyo mdhalimu anaweza kuwa na kibali safi kwa muda mrefu. Hii ndiyo sababu makao yanayoendeshwa vizuri hayakomei kwenye kibali. Huwapigia simu waajiri wa zamani na kuuliza swali moja lisilopendwa: je, ungemwajiri tena? Hutafuta maelezo ya kila pengo katika historia ya kazi. Hupanga zamu ili mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na humwachia mtoto njia ya kumpigia simu mtu wa nje bila kuomba ruhusa ya mlezi.

Pengo jingine linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Watu wengi kutoka Afrika Mashariki wanaoishi Marekani huanzia maisha yao ya kazi katika nyumba za malezi. Alama za vidole zinazotumwa FBI hutafutwa katika kumbukumbu za Marekani; hazisemi lolote kuhusu miaka ambayo mtu aliishi Mombasa au Mwanza. Kwa mlezi wa aina hiyo, barua za waajiri wa nyumbani na cheti cha polisi cha nchi alikotoka hubeba uzito ambao vidole haviwezi kuubeba. Naye ajue haki yake: asikubali kushika zamu hata moja kabla ya kibali au uhamisho wa kibali kuthibitishwa, wala asitosheke na kauli ya meneja kwamba vidole vimekwisha kutumwa. Kutumwa si kibali.

Safari ya upande wa pili ni ya kutisha zaidi. Vijana wa Marekani na Ulaya huja Afrika Mashariki kujitolea katika makao ya watoto kwa majuma machache, na mara nyingi hupokewa kwa tabasamu bila hata kuombwa cheti. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho huko Oklahoma ilimhukumu kijana wa Kimarekani kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao aliyojitolea nchini Kenya. Alishtakiwa kwao kwa sababu sheria ya Marekani inawafuata raia wake wanaowadhulumu watoto hata wakiwa ng'ambo. Kijana huyo asingeruhusiwa kulala hata usiku mmoja katika makao yenye leseni ya California kabla ya vidole vyake kurudi na majibu, na aliyemruhusu angetozwa dola 100 kwa kila siku aliyokaa. Huenda vidole vyake vingerudi safi. Lakini angekuwa amekutana na mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kwa msimamizi wa makao yoyote anayesoma habari hizi, yapo mambo mawili yanayoweza kufanywa wiki hii bila kusubiri mkaguzi. La kwanza ni kuchukua ratiba ya zamu ya mwezi uliopita na kuweka alama kwenye kila jina ambalo faili lake halina uthibitisho wa upekuzi wenye tarehe iliyotangulia siku ya kwanza ya kazi. La pili ni kuandika majina ya watu wazima wanaolala katika eneo la makao bila kuwa katika orodha ya mishahara: mlinzi, binamu wa mpishi, mgeni wa kujitolea aliyepewa chumba cha wageni. Katika nyumba nyingi orodha ya pili huwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa.